Mkia wa Nguva

Jumatatu, 3 Februari

Nimechonga twiga wanane leo. Mjakaranda bado mbichi, watapasuka kabla ya Pasaka, lakini mwenye duka amesema anawataka hivyo hivyo. Haya. Otieno, mwenzangu wa kibandani, amepiga msasa watano tu na kulalamika mgongo siku nzima. Mimi pia nina mgongo.

Saa nne simu ikalia. Ni Bi Rukia, msimamizi wa makumbusho ya bahari kule kisiwani. Kiswahili cha pwani: salamu kwanza, pole ya msiba tena, habari za mama watoto, habari za kazi. Nikajua kuna jambo. Akalitoa taratibu. Yule nguva wa mbao tuliyewatumia Januari amekosewa mkia. Umesimama wima kama wa samaki. Nguva ni mnyama wa baharini, si samaki, mkia wake hulala. Chumba kipya kinafunguliwa Jumatatu tarehe 17 na watoto wa shule wamealikwa. Nije niurekebishe, nauli watatuma. Usiporekebishwa, nguva atawekwa stoo.

Nguva huyo ndiye kazi ya mwisho ya marehemu mwanangu Kyalo.

Nikamjibu, "Kijana alikosea, mama. Alikuwa bado anajifunza."

Nimeyaandika kama nilivyoyatamka. Otieno alikuwa hatua mbili kutoka kwangu. Aliacha msasa, akanitazama, kisha akatazama chini.

Kyalo alikuwa na miaka thelathini na mmoja. Alishika tezo ya kuchongea akiwa na miaka kumi na miwili. Hakuwa anajifunza chochote.


Jumanne, 4 Februari

Niandike ilivyokuwa. Humu hakuna wa kumdanganya.

Gogo lilikuwa la mwarobaini, refu kuliko mimi mara moja na nusu. Ubavu mmoja umeoza. Tulipoondoa uozo likabaki na kimo, upana hakuna. Kyalo akaniletea picha ya nguva kwenye simu. Akasema, baba, mkia unalala, na upana wa hapa hautoshi. Tuchonge mwili peke yake, mkia tuuchonge kwenye kipande kingine, tuunge kwa vijiti na gundi.

Tuunge! Kwenye kibanda changu! Mimi nilifundishwa na baba yangu kwamba kazi hutoka gogo moja. Anayeunga ni fundi wa viti, si mchongaji. Namkumbuka mtu aliyeunga pembe za swala, wenzake walimcheka mpaka akahama soko. Nikamwambia Kyalo mti ndio unaoamua. Una kimo, basi mkia utasimama. Nikamwambia nimenunua samaki sokoni Gikomba miaka arobaini na sijaona hata mmoja aliyelaza mkia. Mafundi wa vibanda vya jirani wakaangua kicheko. Nikanogewa. Nikaongeza, "Msomi wa simu wewe! Ukitaka kuunga, kaunge kwako."

Akashika tezo. Akausimamisha mkia.

Alimchonga nguva yule wiki tano na hakunisemesha. Nami sikumsemesha. Nilijiambia baba haanzi, mtoto ndiye huanza. Mtu mzima na mvi zangu zote, nikinuna kama bibi harusi.

Siku aliyomaliza kupaka mafuta alivuka barabara kwenda kununua mandazi. Pikipiki ikamgonga. Saa tano mchana, jua kali, watu wamejaa. Alifikishwa hospitali amekwisha kukata roho. Tulimzika nyumbani, Mwala, wiki ya kwanza ya Desemba.

Nguva nilimfunga magunia mwenyewe nikiwa nimetazama pembeni. Sikumtazama hata mara moja.

Neno la mwisho la Kyalo kwangu lilikuwa asubuhi ile ya ajali, kwenye mlango wa kibanda. "Nipishe, baba."


Alhamisi, 6 Februari

Nimeamua. Nitaunga.

Nimenunua ubao wa mwarobaini, mpana, mkavu. Nitaukata mkia wa zamani, nitachonga mpya uliolala, nitautia vijiti na gundi. Kisha kiungo nitakiziba kwa unga wa mbao uliochanganywa na gundi, msasa laini, rangi ya viatu juu yake. Hata fundi hataona. Nimewaona wengine wakifanya hivyo na nikawadharau. Sasa zamu yangu.

Otieno alinikuta napima ubao. Akasimama. Tumefanya kazi pamoja miaka kumi na tisa.

"Mzee, mimi nilikuwa hapa," akasema. "Si ni wewe ulimshow asimamishe mkia? Sasa mbona unawekelea maiti makosa yako?"

Nikamwambia ashike msasa wake. Akauweka mezani, vizuri tu, bila kelele. Akaenda zake. Baada ya chakula hakurudi.

Nimekasirika mchana kutwa. Angesema uongo ningemsamehe.


Jumapili, 9 Februari

Kanisani. Mchungaji ametangaza kwamba kazi ya mikono ya marehemu Kyalo itawekwa kwenye makumbusho, na kwamba mimi nitasafiri kwenda kuikamilisha. Watu wakapiga makofi. Kuikamilisha! Sijui nani alimpa neno hilo. Mama Kyalo hakupiga makofi. Aliiweka mikono juu ya Biblia, hivyo tu.

Nyumbani aliniuliza naenda kufanya nini hasa. Nikamwambia kuna kosa kwenye mkia.

"Kosa la nani?"

Nikasema la kijana.

Akainuka, akaenda kuosha sufuria zilizokuwa safi. Nilisikia maji muda mrefu. Nimekula peke yangu.

Najiona mchafu.


Jumatano, 12 Februari

Safari ya basi usiku kucha, kisha barabara mbaya, kisha boti ya injini. Nimetapika mara mbili. Kijana wa boti alinipa ndimu ninuse. Joto la huku linamkalia mtu kichwani.

Ubao na tezo vimefika salama. Mimi sijui.


Alhamisi, 13 Februari

Makumbusho ni nyumba ya mawe, kuta nene, ndani kuna ubaridi. Bi Rukia ni mama wa makamo, mwembamba, miwani imening'inia kifuani. Aliniamkia shikamoo nikaona haya. Akanitembeza polepole kana kwamba hatuna kazi.

Taya la papa unaloweza kupitisha kiwiliwili. Samaki ndani ya chupa, weupe, macho yameweka ukungu. Magamba ya kasa. Sanduku la kioo lenye mifuko ya plastiki, kofia za chupa, kipande cha ndala ya mtoto. Vyote vilitolewa tumboni mwa kasa mmoja aliyekufa ufukweni. Nilisimama hapo muda mrefu kuliko nilivyotaka.

Kisha chumba kipya. Mifupa ya nguva wa kweli imetundikwa darini kwa waya. Kitu cha kwanza nilichokiona ni mkono. Pezi lake ndani lina mifupa ya vidole vitano, kama wangu. Sikuwa najua. Bi Rukia akaniambia nguva huvuta hewa kama sisi, hunyonyesha kama sisi. Huupiga mkia juu na chini ili apande kuvuta pumzi. Ndiyo maana mkia unalala.

Nikamuuliza, na ukisimama?

Akaitazama mifupa. Ana adabu yule mama. "Atapata taabu kupanda juu, baba. Huenda akazama."

Mlinzi wa mlangoni hakuwa na adabu hiyo. Akacheka, akasema wa mbao amevaa mkia wa samaki changu. Hakuwa na ubaya. Ningekuwa mimi ningecheka zaidi.

Naye nguva wa Kyalo alikuwa pale chini ya mifupa, magunia yametolewa. Nikamtazama kwa mara ya kwanza.

Mashavu yamejaa. Mikunjo ya shingo imekatwa kwa patasi nyembamba, hakuna uliofanana na mwenzake. Vinyweleo vya mdomo amevitoboa kimoja kimoja. Macho madogo, ya mnyama aliyechoka lakini hana hasira na mtu. Alama za tezo ameziacha mgongoni makusudi, zinakwenda kama maji. Mimi humaliza kwa msasa kila mahali kwa sababu siamini mkono wangu. Yeye aliuamini wake.

Ni kazi nzuri kuliko yangu yoyote. Nimeishi miaka sitini na nne na sikupata kumwambia.


Ijumaa, 14 Februari

Nimechonga mkia mpya uani. Bi Rukia alinipa vipimo vya mifupa. Kazi rahisi, ubao unatii. Saa nane ulikuwa tayari, umelala, umepinda kidogo nchani kama unavyotakiwa. Kilikuwa kipande kimoja tu na vijiti viwili. Kyalo angeumaliza siku moja. Tungekuwa tunakunywa chai pamoja.

Bi Rukia aliniletea kahawa na sahani ya kaimati, vile viandazi vya shira. Akasema, "Mwanao angefurahi, baba, kuona unamsitiri."

Nikairudisha kaimati sahanini.


Jumamosi, 15 Februari

Nimeshindwa.

Nilikuwa peke yangu chumbani na nguva. Nikaweka msumeno kwenye shina la mkia. Nikakata. Upana wa kidole gumba, basi. Unga wa mbao ukamwagika kwenye viatu vyangu, ule ule uliomwagika kwenye vyake.

Ndipo nikaona ninachofanya. Mkia wa zamani ukiondoka, hautabaki ushahidi. Nguva atakuwa sawa, kiungo kitafichwa, na kila mtu ataambiwa kijana alikosea, baba akaja akamsitiri. Nitasifiwa! Nitarudi kanisani nipigiwe makofi. Kitu pekee duniani kinachoonyesha nilimkosea mwanangu ni mkia huu, na mimi nimeushikia msumeno.

Niliketi sakafuni. Nililia kwa sauti. Kaburini Mwala sikulia, nilikuwa nahesabu viti vya wageni.

Nikaenda ofisini kwa Bi Rukia nikamweleza yote. Gogo, picha ya simu, kicheko cha mafundi, wiki tano za kununa, pikipiki. Nikamwambia nilimdanganya siku ile kwenye simu. Hakusema pole. Alivua miwani akaifuta, akaivaa tena.

"Lakini baba, hii ni nyumba ya elimu. Siwezi kuwaonyesha watoto mnyama aliyekosewa."

Nikamwambia aandike kwamba amekosewa. Na aandike nani aliyekosea.

Akasema si yeye anayeamua. Atampigia mkuu wake. Mkuu wake yuko harusini.

Basi nimekaa. Wakikataa, Kyalo anakwenda stoo, na mara hii ni kwa sababu nimeusimamisha msumeno. Kwa hiyo vyovyote vile ni mimi.


Jumapili, 16 Februari

Asubuhi hakuna jibu. Adhuhuri hakuna jibu. Nimezunguka makumbusho yale mpaka najua kila chupa. Mlinzi ameacha kucheka, nadhani ameambiwa. Alinipa kiti chake.

Saa kumi Bi Rukia akanijia. Mkuu amekubali, kwa sharti: mkia nilioutengeneza uwekwe mezani kando ya nguva, watoto waushike waone ulivyo wa kweli. Na maelezo yaandikwe wazi ili asipotoke mtu.

Tukakaa kuandika. Yeye ana maneno mazuri mno. Aliandika "kutokana na changamoto za mawasiliano kati ya mafundi." Nikamwambia hapana. Akaandika "familia ya mchongaji ilipendelea." Nikamwambia mama, hakuna familia hapo, niko mimi. Tulivutana kama saa nzima. Alisema maneno ninayotaka ni makali, na yakishabandikwa yatasomwa na kila anayekuja, hata nikiwa sipo, hata nikiwa nimekufa. Nikamwambia ndiyo.

Ameyachapa hivi:

NGUVA. Mti: mwarobaini, gogo moja.
Mchongaji: Kyalo Nzioka, Shauri Moyo, Nairobi.
Mkia wa nguva hulala, hausimami. Mchongaji alijua hivyo. Baba yake alimkataza.

Jeraha la msumeno nimeliacha. Bi Rukia aliuliza kama nitaliziba. Nikasema nililifanya mimi, likae.


Jumatatu, 17 Februari

Limekuja darasa zima, sare za kijani, wasichana na mitandio yao. Kelele. Walikimbilia taya la papa kwanza. Kisha mwalimu wao akawaleta kwenye nguva akawasomea maelezo kwa sauti ya darasani, neno kwa neno. Nilikuwa nimesimama karibu na mlango.

Wakagusa mkia wa mezani, wakaupandisha na kuushusha wakijifanya wanaogelea. Msichana mmoja alibaki kwenye maandishi. Akauliza, "Baba yake yuko wapi?"

Mwalimu akasema hajui.

Nikanyanyua mkono kama mwanafunzi. Wote wakageuka.

"Kwa nini ulimkataza?" akaniuliza yule mtoto.

Nilikuwa nimejiandaa kwa maswali ya watu wazima, la mtoto sikulitarajia. Nikamwambia nilikuwa na kiburi, na watu walikuwa wanacheka, nikataka waendelee kucheka.

Akageukia maandishi tena. "Na yeye alikasirika?"

Nikasema sikumuuliza.

Mwalimu akawaita waende kwenye kasa.

Bi Rukia alinisindikiza mpaka gatini. Akasema kama wakinihitaji watapiga simu. Nikamshukuru. Boti ilitikisika tena lakini sikutapika, sikuwa nimekula.


Jumatano, 19 Februari

Nimefika Shauri Moyo saa tatu asubuhi. Mama Kyalo alikuwa anafua nje kwenye bomba pamoja na majirani. Nikamsalimu, nikaingia, nikakaa. Nikangoja amalize kuanika. Nimeoa miaka thelathini na minne na sikumbuki kumngoja hivyo.

Alipoingia nilimwambia akae. Nikamsomea kutoka kwenye daftari hili maneno yaliyobandikwa kule. Mstari wa mwisho niliusoma upesi. Nikarudia.

Hakulia, hakunilaani. Akasema Kyalo alimweleza siku ile ile ya ugomvi, jioni, akiwa amekaa kwenye kiti hiki nilichokalia. Alijua tangu mwanzo. Alijua siku ya mazishi watu walipokuja kunishika mkono. Alijua Jumapili ile nilipomjibu kwamba kosa ni la kijana.

Nikamuuliza mbona hakuniambia.

"Lilikuwa lako la kusema."

Nje mtu alikuwa anapiga ndoo chini, watoto wanagombania mpira. Nikamuuliza kama Kyalo alikuwa amenikasirikia sana. Akasema ndiyo, sana. Nilitaka aseme hapana.

Akajifuta mikono kwa leso, akasogeza kiti chake karibu na mwanga wa dirisha. Akaniambia nisome tena, nianzie kwenye jina la Kyalo.

Nikasoma.